Mara Ngapi? Uelezaji wa Marudio ya Matendo katika Kiswahili cha Kitui na Makueni

IKISIRI

Kila lugha ina njia zake za kueleza ni mara ngapi jambo fulani hutokea. Makala haya yanachunguza njia hizo katika Kiswahili sanifu na kuzilinganisha na zile za Kikamba na Kiingereza, lugha mbili ambazo mwanafunzi wa Kitui na Makueni hukutana nazo kila siku. Yanaonyesha kwamba kiambishi hu- hueleza mazoea bali si hesabu. Kwamba neno mara halikamiliki bila kutajiwa kipindi chake. Na kwamba baadhi ya maumbo yanayokosolewa darasani, kama vile -anga na masaa, yana sababu ya kimantiki ya kuzuka. Aidha, yanaeleza madhara yanayoweza kumpata mgonjwa au mkulima pale ambapo marudio hayakuelezwa barabara.

1.0 UTANGULIZI

Mama mmoja anatoka zahanati akiwa amebeba mtoto mgongoni na pakiti ya vidonge mkononi. Ameambiwa ampe mtoto dawa "kila saa nane". Afikapo nyumbani anamwomba binti yake, mwanafunzi wa sekondari, amfafanulie. Je, dawa itolewe kila inapofika saa nane ya mchana, au itolewe kila unapopita muda wa saa nane? Sarufi ya Kiswahili inaruhusu maana zote mbili. Kwa maana ya kwanza mtoto atapata dozi moja kwa siku, au mbili iwapo saa nane za usiku zitahesabiwa. Kwa maana ya pili atapata dozi tatu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini utata uliomo ndani yake si wa kubuni. Uelezaji wa marudio ni mada ambayo vitabu vingi vya sarufi huigusa kwa juujuu. Mwanafunzi hufundishwa kwamba hu- ni kiambishi cha hali ya mazoea, kisha, katika somo jingine, kwamba mara tatu ni kielezi cha idadi. Uhusiano kati ya mambo hayo mawili hauelezwi.

Kitui na Makueni ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa mada hii. Kaunti hizi mbili zimo katika eneo la Ukambani, ambako lugha ya kwanza ya wakazi walio wengi ni Kikamba. Makueni ilitengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka wa 1992, na zote mbili zikawa kaunti chini ya Katiba ya mwaka 2010. Katiba hiyo, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hivyo basi mkazi wa Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi hupokea maagizo ya daktari, tangazo la chifu na utabiri wa mvua kwa lugha tatu zinazopokezana. Kila moja ya lugha hizo huhesabu marudio kwa namna yake.

2.0 KIAMBISHI hu-: MAZOEA SI HESABU

Kiambishi awali hu- kina sifa za pekee miongoni mwa viambishi vya njeo na hali katika Kiswahili. Kwanza, hakichukui kiambishi cha nafsi. Husemwa mimi hulima, wewe hulima, wao hulima, wala haisemwi *ahulima. Kwa sababu hiyo kiima hakina budi kutajwa au kueleweka kutokana na muktadha. Pili, kinapoambatana na vitenzi vya silabi moja, ku- hudondoshwa: hula, hunywa, huja, hufa, huwa. Tatu, hakipokei kiambishi cha urejeshi. Husemwa mkulima ambaye hupanda pojo, wala si *mkulima ahuyepanda. Nne, hakina umbo lake la ukanushi.

Sifa ya pili ina mtego. Mwanafunzi anayesahau kudondosha ku- na kuandika "Yeye hukuja sokoni kila Jumatatu" hajafanya kosa dogo la tahajia. Ameandika umbo ambalo tayari lina kazi nyingine, kwani hukuja ni ukanushi wa wakati uliopita katika nafsi ya pili umoja: wewe hukuja. Ndivyo ilivyo pia kwa hukula na hukunywa. Muuguzi anayekusudia kusema kwamba mgonjwa hunywa dawa asubuhi, akatamka "hukunywa dawa asubuhi", atakuwa amemlaumu mgonjwa huyo kwa kutokunywa. Mtego wa namna hiyo umo pia katika hulima na hulimi. Irabu ya mwisho pekee ndiyo inayotofautisha mwenye mazoea ya kulima na yule anayeambiwa kwamba halimi.

Jambo kubwa zaidi ni la maana. Methali nyingi za Kiswahili hutumia hu-: haba na haba hujaza kibaba, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mcheza kwao hutunzwa. Katika methali hizi hu- haielezi kwamba tendo limehesabiwa likaonekana kuwa la mara nyingi. Inaeleza kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo. Ni kauli ya ada, ya tabia, ya kanuni ya maisha. Ndiyo maana sentensi ifuatayo ni sahihi kisarufi ilhali haimfai anayetaka kupanga:

(a) Mvua hukosa Kitui.

Msikilizaji anajifunza kwamba kukosa mvua si jambo geni huko. Hajui iwapo hukosa kila mwaka, mwaka mmoja katika mitatu, au mara moja katika muongo. Ili ajue, hana budi kuongezewa kielezi:

(b) Mvua hukosa Kitui mara kwa mara.
(c) Mvua hukosa Kitui angalau msimu mmoja katika kila misimu minne.

Sentensi ya (c) imetolewa kama kielelezo cha muundo, si kama takwimu. La kuzingatia ni kwamba hu- imebaki ile ile katika zote tatu. Kilichobadilika ni kielezi, na kielezi ndicho kilichobeba hesabu. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwamba hu- "huonyesha jambo linalotokea mara nyingi" anasema nusu ya ukweli. Jambo linaweza kuwa la mazoea na bado likatokea mara chache sana: nyota yenye mkia huonekana kwa nadra, na sentensi hiyo haina kasoro yoyote.

Upo pia mtego wa huenda. Kwa asili ni kitenzi enda kilichoambikwa hu-, na katika sentensi kama "Mama huenda kisimani alfajiri" kinaeleza mazoea. Lakini katika "Huenda mvua ikanyesha wiki ijayo" neno hilo halielezi marudio hata kidogo, linaeleza uwezekano. Msomaji wa utabiri wa hali ya hewa anapaswa kutenganisha mambo haya mawili. Mvua hunyesha Novemba ni kauli juu ya ada ya miaka mingi, nayo huenda mvua ikanyesha Novemba ni kauli juu ya mwaka huu pekee, tena yenye shaka. Mkulima anayetia mbegu ardhini kwa kuitegemea kauli ya pili kana kwamba ni ya kwanza anaweza kuipoteza mbegu yote.

3.0 TAMATI YA MAZOEA: KUTOKA -aa HADI -anga

Katika Kikamba mazoea huonyeshwa mwishoni mwa kitenzi. Katika umbo lenye maana ya "wao husoma", ma- ni kiambishi cha nafsi, na tamati ndefu -aa ndiyo yenye kueleza mazoea. Kikuyu, lugha jirani, husema nĩmathomaga, na konsonanti g inaonekana wazi. Baadhi ya lugha za Waluhya zina -anga, na Kisukuma cha Tanzania kina -aga. Wanaisimu wa Kibantu huyachukulia maumbo haya kuwa ni ndugu wa asili moja, yaani tamati kongwe ya Kibantu iliyokuwa ikieleza tendo linaloendelea au kurudiwa. Kiswahili sanifu hakina tamati hiyo katika vitenzi vyake vya kawaida. Kazi yake imechukuliwa na hu-.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Ukambani anapoingia katika Kiswahili anahamisha alama ya mazoea kutoka mwisho wa kitenzi hadi mwanzo wake, na papo hapo anaambiwa aondoe kiambishi cha nafsi ambacho katika lugha yake hakiondolewi kamwe. Hayo ni mabadiliko mawili kwa mpigo. Si ajabu kwamba wengi hutafuta njia ya mkato. Njia moja ni kutumia -na- kwa mazoea: "Baba anaenda soko kila Alhamisi." Njia ya pili ni kuchanganya huwa na -na-: "Baba huwa anaenda soko." Njia ya tatu, inayosikika sana katika Kiswahili cha mazungumzo cha Nairobi na miji ya bara, ni kupachika -anga: "Baba anaendanga soko." Nchini Tanzania umbo linalosikika zaidi ni -aga: "Baba anaendaga sokoni."

Darasani, -anga na -aga hukosolewa, na ni haki zikosolewe katika maandishi rasmi, kwa kuwa si sehemu ya Kiswahili sanifu. Hata hivyo, kukosoa bila kueleza hakumsaidii mwanafunzi. Maumbo haya hayakuzuka kwa uvivu. Yanajaza pengo ambalo Kiswahili sanifu kimeliacha wazi, nalo ni pengo la ukanushi. Tazama sentensi hizi:

(d) Yeye hulima.
(e) Yeye halimi.

Sentensi ya (e) ndiyo ukanushi unaokubalika wa (d). Lakini ni ukanushi pia wa "yeye analima". Haimweleweshi msikilizaji iwapo mtu huyo halimi sasa hivi kwa kuwa ameketi kivulini, au halimi kabisa kwa kuwa yeye ni fundi wa cherehani. Msemaji wa mtaani husema "halimangi", na utata unaondoka. Mwandishi wa Kiswahili sanifu anaweza kuuondoa vilevile, ila kwa kutumia maneno: hana mazoea ya kulima, hajazoea kulima, halimi kamwe, si mkulima. Mwanafunzi akipewa njia hizi mbadala, ataiacha -angi bila kuona kwamba amenyang'anywa kitu alichokihitaji.

Pengo la pili ni la wakati uliopita. Kiambishi hu- hakichanganyiki na -li-. Mazoea ya zamani hueleweka kwa kutumia kitenzi kisaidizi na -ki-: "Wazee walikuwa wakilima mtama na wimbi." Hapa pia lugha ya mazungumzo imefupisha: "walikuwanga wanalima". Ni vyema mhadhiri amwonyeshe mwanafunzi kwamba -ki- katika muundo huu si ile ya masharti, bali ni ya tendo lililokuwa likiendelea au likirudiwa.

Njia nyingine ambayo haipaswi kusahauliwa ni uradidi. Kitenzi kikirudiwa, tendo nalo hurudiwa: pigapiga, katakata, ulizauliza. Hata hivyo uradidi huongeza ladha ambayo haimo katika mara nyingi. "Mvua inanyeshanyesha" haimaanishi kwamba mvua ni nyingi. Aghalabu humaanisha kwamba inanyesha kidogo kidogo, ikikatika na kurudi, bila kulowesha udongo barabara. Mkulima wa Makueni aliyeambiwa kwamba huko ng'ambo mvua inanyeshanyesha hatakimbilia kutafuta mbegu.

4.0 mara NA KIPINDI CHAKE

Neno mara lina asili ya Kiarabu, nalo huwekwa katika ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo husemwa mara nyingi, mara nyingine, mara zote. Umbo "mara mingi", linalosikika katika Kiswahili cha bara, limekiuka upatanisho huo. Katika Kikamba dhana ya "mara nyingi" hutolewa kwa maneno mavinda maingĩ. Nomino ĩvinda, ambayo wingi wake ni mavinda, humaanisha pia kipindi cha wakati. Kwa maneno mengine, Kikamba huhesabu vipindi ilhali Kiswahili huhesabu mara. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kikamba anaweza kuona kwamba kipindi tayari kimo ndani ya neno, na hivyo akaacha kukitaja. Katika Kiswahili kipindi hakimo. Mara tatu ni hesabu tupu. Mara tatu kwa siku ni marudio.

Yapo mambo manne yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni tofauti kati ya idadi na nafasi katika mfuatano. "Mbegu zilikauka mara tatu" hueleza jumla ya matukio. "Mbegu zilikauka kwa mara ya tatu" hueleza tukio moja ambalo limetanguliwa na mawili. Kihusishi ya ndicho kinachobadilisha maana, na wengi hukidondosha.

La pili ni utata wa mara moja. Maneno haya yana maana mbili, nazo hazina uhusiano wa karibu: tendo lisilorudiwa, na tendo lisilocheleweshwa. "Meza dawa hii mara moja" inaweza kuwa agizo la kutorudia, na inaweza kuwa agizo la kufanya haraka. Palipo na hatari ya utata, ni heri kusema mara moja tu, au mara moja pekee, kwa maana ya kwanza. Na sasa hivi, au papo hapo, kwa maana ya pili. Mara nyingine nayo ina utata wa aina hiyo, kwani inaweza kumaanisha "baadhi ya nyakati" au "safari nyingine".

La tatu ni kila. Neno hili hutangulia nomino yake, tofauti na vivumishi vingi vya Kiswahili, na nomino hiyo huwa katika umoja: kila siku, kila msimu, kila mwaka. Linapofuatwa na idadi, hujitokeza shida. Kila wiki mbili ni mara moja katika majuma mawili, lakini wapo wanaolisikia kama "mara mbili kila wiki". Tofauti kati ya tafsiri hizo mbili ni ya mara nne. Afadhali kusema waziwazi: mara moja katika kila wiki mbili, au mara mbili kwa wiki.

La nne ni daraja za vielezi vya idadi ya jumla. Zikipangwa kutoka juu hadi chini, daraja hizo huwa takriban hivi: daima na kila mara, aghalabu na kwa kawaida, mara nyingi, mara kwa mara, wakati mwingine, mara chache, mara mojamoja na kwa nadra, na mwisho kamwe au asilani, ambayo haina budi kuandamana na kitenzi kanushi. Mara kwa mara na mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. La kwanza hutilia mkazo kurudi kwa tukio baada ya mapengo. La pili hutilia mkazo wingi wake. Ukame uliokuja mara nyingi katika miaka michache haulingani na ukame unaokuja mara kwa mara katika karne nzima.

5.0 SAA NANE NA MASAA MANANE

Sasa turudi kwa mama wa zahanati. Utata wa "kila saa nane" unatokana na jambo moja: katika Kiswahili sanifu neno saa limo katika ngeli ya I-ZI, hivyo umoja na wingi wake hufanana. Saa nane ni wakati fulani wa mchana au usiku; saa nane ni muda pia. Hata kuongeza baada ya hakuondoi utata wote, kwa sababu "baada ya saa nane" inaweza kueleweka kuwa ni baada ya saa nane ya mchana kupita.

Lugha ya mtaani imejitafutia ufumbuzi. Watu husema masaa manane wanapokusudia muda, na saa nane wanapokusudia wakati. Walimu hulikosoa neno masaa kwa kuwa linavunja ngeli. Ni sahihi kulikosoa katika mtihani, lakini ni vyema kukiri kwamba waliolianzisha waliona tatizo la kweli. Kiswahili sanifu kina uwezo wa kulitatua kwa njia yake: kila unapopita muda wa saa nane. Na kilicho bora zaidi ni kuzitaja saa zenyewe: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku.

Uzito wa jambo hili huonekana katika tiba ya malaria. Mwaka wa 2004 Kenya ilichagua dawa mseto ya artemether na lumefantrine kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Dozi zake ni sita katika siku tatu. Dozi ya pili hutolewa muda wa saa nane baada ya ile ya kwanza. Kisha katika siku ya pili na ya tatu dawa hutolewa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Katika agizo hili moja mna aina tatu za maelezo ya marudio: jumla (mara sita), pengo (muda wa saa nane) na kadiri (mara mbili kwa siku). Mzazi aliyekosea pengo la kwanza huvuruga mpangilio wote, na vimelea visipomalizwa ugonjwa unaweza kurudi.

Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki maagizo huandikwa kwa mkato wa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu. Tanzania hutumia pia maneno kutwa mara tatu. Kisemantiki, kutwa ni muda wa mchana, toka kuchomoza hadi kuchwa kwa jua. Mchana na usiku kwa pamoja ni kutwa kucha. Mgonjwa anayelichukua neno kutwa kwa maana yake ya asili anaweza kuzibana dozi zote tatu kati ya asubuhi na magharibi, na usiku mzima ukapita bila dawa. Agizo linalotaja nyakati huepusha hatari hiyo bila kuhitaji maelezo marefu.

6.0 MISIMU, MIAKA NA MFULULIZO

Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Mvua za Machi hadi Mei huitwa za masika na Kikamba huziita uua. Zile za Oktoba hadi Desemba huitwa za vuli na Kikamba huziita nthwa. Jambo ambalo wageni hulikosea ni kwamba katika Kitui na Makueni mvua za vuli ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima, ingawa katika sehemu nyingine za Kenya za masika ndizo kubwa. Kwa hiyo sentensi "mvua kubwa hunyesha mwezi wa Aprili" inaweza kuwa ya kweli mahali pengine na ya kupotosha hapa. Hu- ya mazoea daima ni ya mahali fulani, hata pale ambapo mahali hapo hapakutajwa.

Mwaka ukiwa na misimu miwili, hesabu ya msimu si hesabu ya mwaka. Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022, mvua zilikosa au zilipungua katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika kwa misimu mitano mfululizo. Mnamo Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Taarifa ya namna hiyo inaposemwa kwa ufupi kwamba "mvua imekosa mara tano", msikilizaji hukosa mambo mawili. Hajui iwapo ni misimu mitano au miaka mitano, na hajui iwapo ilikuwa mfululizo au kwa kuachana. Neno mfululizo ndilo lenye uzito. Familia inaweza kuvumilia misimu mitano mibaya iliyotawanyika katika miaka ishirini, kwa sababu kila baada ya msimu mbaya ghala hujazwa tena na mbuzi huzaa. Misimu mitano isiyoachana haitoi nafasi hiyo.

Wazee wa Kikamba wana njia nyingine ya kueleza marudio ya njaa, nayo ni kuyapa majina. Njaa kuu ya mwishoni mwa karne ya 19 inakumbukwa kama Ngomanisye. Ile ya mwaka 1984 inaitwa Nĩkw'a Ngwete, yaani "ninakufa nikiwa nimeshika", kwa maana kwamba mtu alikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakipo. Mzee akiulizwa njaa imekuja mara ngapi, huanza kuzitaja moja baada ya nyingine. Orodha hiyo humpa msikilizaji idadi, mfuatano na tofauti ya kila tukio kwa pamoja, mambo ambayo mara pekee haiwezi kuyabeba.

Kuanzia hapo mtu anaweza kuelewa ni kwa nini taarifa za kila mwezi za tahadhari ya ukame zinazotolewa kwa kaunti kame zinastahili Kiswahili kilichopimwa. Msomaji wake hulazimika kuamua jambo: auze ng'ombe sasa au angoje, apande mahindi au pojo na mtama. Uamuzi huo hutegemea neno moja kama aghalabu au huenda.

7.0 MWANAFUNZI AKIVUKA KWENDA KIINGEREZA

Mwanafunzi yule yule hutakiwa kueleza marudio kwa Kiingereza, na makosa yake huko mara nyingi huwa na mizizi katika Kiswahili. Kosa la kwanza linatokana na -na-. Kwa kuwa "ninaenda soko kila Jumatatu" husikika kuwa sawa kabisa, huandika "I am going to the market every Monday". Kiingereza hutenganisha tendo la sasa na tendo la mazoea, na kwa mazoea hutaka "I go". Mwanafunzi aliyezoea kusema "mimi huenda" atapata njia nyepesi: palipo na hu-, Kiingereza huhitaji umbo sahili la kitenzi.

Kosa la pili ni la mahali pa kielezi. Kielezi cha Kiswahili hukaa baada ya kitenzi au mwanzoni mwa sentensi: "yeye huchelewa mara nyingi", "mara nyingi yeye huchelewa". Kiingereza hupenda kukiweka kabla ya kitenzi kikuu, "she often comes late", lakini baada ya kitenzi "be": "she is often late".

Kosa la tatu ni maneno "after every two days", yanayosikika kote nchini Kenya. Hii ni tafsiri ya kila baada ya siku mbili. Kiingereza husema "every two days" au "every other day". La nne ni ukanushi. Kamwe hutaka kitenzi kanushi, ilhali "never" imebeba ukanushi ndani yake. Mwanafunzi anayeandika "he does not never come" amefuata sarufi ya Kiswahili kwa uaminifu, ila katika lugha isiyo yake.

Ifahamike kwamba Kiingereza nacho kina utata wake. Neno "biweekly" huweza kumaanisha mara mbili kwa wiki au mara moja kila wiki mbili, na wenye lugha wenyewe hubishana juu yake. Hakuna lugha iliyokamilika katika jambo hili. Kilichopo ni msemaji aliye mwangalifu na asiye mwangalifu.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba uelezaji wa marudio katika Kiswahili una tabaka mbili: tabaka la mazoea, linalobebwa na hu- pamoja na miundo inayokaribiana nayo, na tabaka la hesabu, linalobebwa na mara, kila na vielezi vingine. Mwanafunzi wa Kitui na Makueni huleta darasani tamati ya mazoea kutoka Kikamba na huombwa kuiacha. Inafaa aonyeshwe kile anachopewa badala yake, hususan katika ukanushi na wakati uliopita.

Kwa walimu, inapendekezwa kwamba hu- na vielezi vya idadi vifundishwe pamoja, na kwamba mazoezi yatokane na maandishi halisi: pakiti ya dawa, tangazo la baraza, taarifa ya mvua. Kwa watakaoandika au kutafsiri maandishi hayo siku za usoni, kila agizo linalorudiwa lijibu maswali matatu kabla halijatoka mezani: ni mara ngapi, katika kipindi gani, na kwa pengo la muda gani? Mama aliyebeba mtoto mgongoni asilazimike kungoja binti arudi kutoka shuleni ndipo ajue saa ya kumpa mtoto dawa.